Nilimkana Ndugu Yangu

Mpenzi msomaji, huenda unanikumbuka. Mwaka jana, muhula wa pili, chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo wa kukata na shoka bwaloni, Kidato cha Pili dhidi ya Kidato cha Tatu. Hoja ilikuwa "Afya ni bora kuliko mali." Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande wa kuunga mkono, na ndimi niliyepigiwa makofi na vigelegele mpaka Bwana Mwenyekiti akagonga meza mara tatu. Wengine wenu mlinibeba juu juu kama mfungaji wa bao.

Nilisemaje? Nitayarudia maneno yangu kwa sababu bado nayasikia. Nilisema: "Bwana Mwenyekiti, mtaani kwetu kuna mtoto mmoja. Hatembei. Hasemi. Hajui kushika kijiko. Hata babake angekuwa na mali ya Karuni, mtoto yule angefaidi nini? Daktari mwenyewe alitamka kwamba mtoto wa aina ile haishi, anangoja tu. Waheshimiwa, mtu asiye na afya hana maisha!" Bwalo likarindima.

Hamkujua. Mtoto yule haishi mtaani kwetu tu, anaishi nyumbani kwetu. Ni ndugu yangu wa toka nitoke. Tunalala chumba kimoja, kitanda chake kando ya changu, na usiku nikiwasha taa kusoma yeye ndiye wa kwanza kulalamika. Na yule daktari hakusema hivyo hasa. Hayo ya kungoja niliyatia mwenyewe, chumvi ya mdahalo.

Mwalimu mlezi wetu aliponiomba makala ya gazeti la mwaka huu, alitaka niandike "Faida za Midahalo". Nimemwomba radhi, nikaandika haya.

Ndugu yangu alipewa jina la babu yetu mzaa baba, kwa hiyo nyumbani sote twamwita Babu, hata bibi mwenyewe. Ana umri wa miaka minane. Alizaliwa Januari 2017. Wakubwa wetu watakumbuka kwamba wakati huo madaktari wa hospitali za umma walikuwa katika mgomo uliodumu siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017. Mama alijifungua katika zahanati ya mtu binafsi, akaruhusiwa kurudi nyumbani kesho yake. Siku ya tatu macho ya mtoto yaligeuka rangi ya manjano. Bibi akasema, "Mtoeni juani asubuhi, yataondoka." Ndivyo walivyofanyiwa watoto wengi kabla yake, mimi mmoja wao, na kweli kwa wengi manjano huondoka yenyewe. Ya Babu hayakuondoka. Siku ya sita alikataa titi. Akawa analia kwa sauti nyembamba ya juu, mgongo umepinda nyuma kama upinde. Nilikuwa na umri wa miaka saba, nimesimama mlangoni na bakuli la uji, nisijue niende wapi.

Siku hizi najua kilichotokea, kwa kuwa nimemsumbua mwalimu wa Bayolojia mpaka akanifafanulia. Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa kitu cha rangi ya manjano kiitwacho bilirubini. Ini la mtoto mchanga halijapata nguvu ya kukiondoa haraka. Kikizidi mno huingia ubongoni, kikaharibu sehemu zinazoongoza misuli, masikio na hata uwezo wa kuinua macho. Tiba yake ni mwanga maalum wa buluu, na hali ikiwa mbaya mtoto hubadilishwa damu. Lakini ni lazima awahiwe. Jua la asubuhi halitoshi.

Bibi hajawahi kulitaja jambo hili kwa kinywa chake. Ila zamani jirani akija na mtoto mgonjwa, bibi alikuwa na dawa ya kila kitu, majani haya na mizizi ile. Tangu mwaka ule, akiulizwa, hujibu neno moja tu: "Hospitali."

Maradhi aliyobaki nayo Babu huitwa mtindio wa ubongo. Misuli yake haimtii. Akitaka kushika kitu mkono huenda kushoto, shingo kulia, na miguu hujinyoosha kama mbao. Sikio lake la kushoto halisikii vyema. Lakini mambo anayaelewa. Ukimwita bibi kwa jina lake la ubini, yeye hucheka, kwa sababu anajua si adabu.

Alipotimiza miaka miwili, wazazi wangu walimpeleka kwa daktari bingwa katika hospitali moja kubwa. Walipanga foleni tangu alfajiri. Walipoingia, mama anasema, hawakukaa hata dakika kumi. Daktari alimpima magoti kwa nyundo ndogo, akamwangalia macho, akaandika. Kisha akasema, "Mama, huyu hatatembea wala hatasema. Nendeni naye nyumbani mkampende. Wewe bado kijana, utapata wengine."

Mama huyasimulia maneno haya bila hasira, na hilo ndilo lililonishangaza siku zote. Husema: "Hakuwa mtu mbaya. Alinipa na kitambaa cha karatasi nifute machozi. Lakini aliniambia nitapata wengine kama kwamba huyu nimeshampoteza, na mwenyewe nimempakata pale pale, ananivuta buibui."

Wanachama wenzangu wapenzi wa ngeli, hapa nina jambo lenu. Mwalimu wetu alitufundisha Kidato cha Kwanza kwamba maneno kama kipofu, kiziwi na kiwete yana umbo la KI-VI lakini upatanisho wake ni wa A-WA, kwa kuwa ni viumbe wenye uhai. Kipofu *ameanguka*, si *kimeanguka*. Katika mtihani sote tulipata. Sasa njooni mtaani kwetu muwasikie watu wazima. "Kile kitoto kimekula?" "Mbona kinatoa mate?" "Kinajua watu?" Mama husahihisha kila mara, akiwa anakanda unga wa mahamri, wala hainui kichwa: "Amekula. Anatoa mate. Anajua watu, na wewe anakujua." Hajapita darasa la saba, mamangu, lakini sarufi hii hajawahi kuikosea. Hata Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 54, inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Nadhani waliyoiandika walikuwa na mama kama wangu.

Sasa niwaambie Babu anaishi vipi, maana niliwaambia haishi.

Asubuhi huamshwa na harufu ya mahamri. Huyatafuna hawezi, lakini mama humvunjia moja ndani ya mchuzi wa mbaazi likalainika, akalishwa pole pole ameketi wima asije akapaliwa. Kumlisha huchukua dakika arubaini. Baba yetu ni seremala. Amemtengenezea kiti cha mbao chenye mikanda, meza ya mbele na kabari katikati ya mapaja ili asiteleze. Amekibomoa na kukiunda upya mara tatu kadiri mtoto anavyokua. Mchana Babu hukaa nacho karakanani, akisikiliza randa na redio. Ana timu yake ya mpira, na ikifungwa hali chakula. Kitu chochote kikianguka, sufuria, msumeno, hata mtu, hucheka mpaka mwili mzima ukakakamaa. Mara moja kwa mwezi, baba akipata kazi nzuri, huvuka naye Likoni kwa feri kwenda na kurudi, basi. Hakuna shughuli ng'ambo. Mwendaji kwa miguu halipi kitu pale kivukoni, na upepo wa bahari ukimpiga Babu usoni hufungua kinywa kama anayeunywa. Honi ya feri ikilia hupiga kelele kuijibu. Watu hugeuka kutazama. Baba naye hutazama maji.

Si kwamba yote ni asali, msomaji. Kuna makanga waliokataa kumpakia wakidai kiti chake kitakula nafasi ya watu wawili. Nepi za ukubwa wake ni ghali. Mama ana maumivu ya kiuno kwa kumbeba. Na kuna usiku alikuwa akilia mpaka jogoo wa kwanza, sisi sote tumechoka, na bibi akisoma dua, na mimi nikijiziba masikio kwa mto huku nikitamani kitu ambacho sitakiandika hapa.

Juni 2023 alishikwa na nimonia. Nilikuwa Kidato cha Kwanza. Nilifika wodini saa ya kuwaona wagonjwa nikiwa na sare za shule na chupa ya uji wa mama. Babu alikuwa amewekewa mrija wa oksijeni puani, mbavu zinaingia na kutoka kama mtu aliyekimbia mbio ndefu. Daktari kijana alikuwa amesimama na wazazi wangu miguuni mwa kitanda. Sauti yake ilikuwa ya upole. Alisema chumba cha wagonjwa mahututi kina nafasi moja. Alisema kuna njia ya kumhudumia pale pale wodini "bila kumtesa". Kisha akasema: "Nawaeleza ukweli. Hata akipona hii, atarudi vile vile alivyokuwa."

Baba yangu si msemaji. Siku nyingi humaliza kutwa nzima na maneno kumi. Alivua kofia, akasema: "Daktari, vile vile ndivyo tunavyomtaka."

Yule daktari alinyamaza. Akamtazama Babu, akaitazama ile karatasi yake, akatoka. Baada ya nusu saa walikuja kumhamisha. Ni haki nimtendee haki: ni yeye huyo huyo aliyekesha naye usiku ule. Siku ya nne, alipokuja kumsikiliza kifua, kile chombo chake cha kuwekea masikioni kilimponyoka kikaanguka sakafuni, pwaa! Babu, na mirija yake puani, akaangua kicheko. Daktari akabaki ameinama nusu. "Kumbe anacheka," akasema. Mama akamjibu, "Anacheka, daktari. Hujamkuta tu."

Neno hilo la mama nimelifikiria sana. Daktari humkuta Babu siku anapougua. Siku ya feri hayupo, wala siku timu yake inaposhinda. Angejuaje? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi naongeza kwamba hujui na usingizi wake. Lakini nilipokuwa natafuta hoja ya kushinda mdahalo, sikumchukua Babu wa feri. Nilimchukua Babu wa wodini. Niliona ndiye mwenye makofi.

Jioni ile ya mdahalo nilifika nyumbani na cheti changu. Mama akanikumbatia, bibi akapiga kigelegele. Baba akauliza, "Ulisema nini hata ukashinda?" Nikajibu, "Nilizungumza juu ya afya tu, baba." Babu alikuwa kitini mwake akinitazama, ametoa ulimi. Kwa Babu ulimi maana yake ni ndiyo, au vizuri. Hapana yake ni kufumba macho kabisa. Watoto wengine wa hali yake hutazama juu kusema ndiyo, lakini macho yake, kama nilivyosema, hayapandi. Basi alikuwa ananipongeza. Nilikitia cheti ndani ya godoro.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwanzoni mwa mwaka huu alianza kuja zahanati ya jirani mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo, mama mtu mzima mwenye miwani, kila Alhamisi ya pili. Sisi twamwita Mama Fizio. Siku ya kwanza alipomshika Babu mguu wa kulia na kuupanua kando, Babu alikunja uso. Akauliza, "Huyu hulia usiku?" Mama akasema ndiyo, ni mazoea yake, tangu utotoni. Mama Fizio akatikisa kichwa. "Mama, hakuna mtoto mwenye mazoea ya kulia. Nyonga inamuuma." Akatuandikia picha ya eksirei. Kweli, mfupa wa paja ulikuwa umeanza kuteleza kutoka mahali pake, jambo ambalo huwapata watoto wengi wenye misuli iliyokaza namna hiyo.

Mama alilia siku hiyo kuliko siku ya daktari bingwa. Kwa sababu hapa hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Miezi na miezi mtoto alikuwa akituambia anaumwa kwa lugha pekee aliyo nayo, na sisi tunaompenda, tunaomjua, tunaosahihisha ngeli za majirani, tukasema ni mazoea. Bibi akasema ni usiku mbaya. Mimi nikajiziba masikio.

Alhamisi iliyofuata Mama Fizio alikuja na kadi tatu alizozichora mwenyewe kwa kalamu nene: uso unaocheka, uso usiocheka wala kununa, na uso wa huzuni. Akaketi chini mbele ya kiti cha Babu, upande wa sikio lake zuri. "Hodi, bwana mkubwa," akasema. "Watu wote nimewauliza habari zako. Wewe bado." Kwanza akamjaribu. "Wewe ni msichana?" Babu akafumba macho, akacheka. "Baba yako ni seremala?" Ulimi. Halafu akamweleza kadi, akazipanga kushoto, katikati na kulia, awe anatazama ile anayoitaka. Kila jibu alilirudia kwa kuzibadilisha kadi mahali, ahakikishe hakubahatisha.

Chakula cha mama? Uso unaocheka. Feri? Uso unaocheka, na makelele juu yake. Mguu wa kulia? Huzuni. Nilitarajia. Kukaa karakanani na baba? Uso unaocheka. Shule?

Hapo alitazama uso wa huzuni, na hakuondoa macho. Hajawahi kwenda shule. Tulidhani hajui kuna kitu kama hicho. Kumbe kila asubuhi ninapovaa sare mbele yake alikuwa anahesabu.

Kisha Mama Fizio, kwa kutaka kumchangamsha nadhani, akasema: "Na dada yako huyu?"

Nilikuwa nimesimama pale pale, tayari natabasamu. Babu alinitazama mimi kwanza. Halafu akatazama kadi ya katikati. Zikabadilishwa. Akatazama ya katikati tena.

Mama Fizio hakuniangalia. Akauliza pole pole, "Akucheza nawe?" Ulimi. "Akukusomea?" Ulimi. "Ni marafiki zake wakija?" Babu akatoa ulimi, akaurudisha, akautoa tena. Wenzangu wawili wa darasani huja nyumbani kusoma siku za Jumamosi. Wanajijua. Kila wakija mimi hukisukuma kiti cha Babu chumbani na kurudisha mlango. Hawajapata kumwona. Waliniuliza siku moja ni nani anayepiga kelele ndani, nikasema ni redio.

Swali la mwisho lilikuwa: "Kwa yote, maisha yako, Babu?" Akatazama uso unaocheka. Mara zote mbili. Na mimi niliyesimama bwaloni nikasema hana maisha, nilitoka nje nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nilimuuliza Mama Fizio baadaye kama ni Babu tu aliye hivyo. Akasema la, na akaniazima makala alizokuwa nazo. Mwalimu wa Bayolojia akanisaidia kuzielewa. Mwaka 2007 gazeti la madaktari liitwalo The Lancet lilichapisha utafiti wa watoto wenye mtindio wa ubongo, wa umri wa miaka 8 hadi 12, katika nchi saba za Ulaya. Watoto walikuwa 818, na 500 kati yao waliweza kujijibia wenyewe. Hao 500, katika mambo mengi, walisema maisha yao ni mazuri kadiri ya watoto wengine wa rika lao. Waliosema maisha yao si mazuri mara nyingi walikuwa wale wenye maumivu. Wazazi wao walipoulizwa maswali yale yale, katika mengi walitoa alama za chini kuliko watoto wenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1999, watafiti wa Kanada walikuwa wamewauliza madaktari, wauguzi, wazazi na vijana wauthamini ulemavu wa aina mbalimbali, na madaktari na wauguzi wakauthamini ulemavu mkubwa kwa alama za chini kuliko wazazi na vijana. Na huko Marekani, mwaka 2021, katika madaktari 714 waliohojiwa, 82 kwa kila 100 walisema mtu mwenye ulemavu mkubwa ana maisha duni kuliko asiyekuwa nao.

Ukizipanga habari hizi, msomaji, ni kama ngazi. Daktari juu kabisa, mbali, anaona giza. Mzazi katikati. Mtoto mwenyewe chini pale, kwenye kiti, ndiye mwenye mwangaza zaidi. Lakini sitaki kuwadanganya tena. Wale 318 wasioweza kujijibia, nani anajua wao wangesema nini? Na Babu naye hakusema kila kitu ni kizuri. Alitaja mguu, shule na dada. Katika hayo matatu hakuna hata moja ambalo daktari bingwa alilitaja mwaka 2019. Kutembea na kusema, ambako ndiko kulikotajwa, yeye hakukulalamikia.

Mguu unashughulikiwa. Ana dawa ya maumivu, analala na mto katikati ya magoti, na tumepewa miadi ya kumwona daktari wa mifupa, huenda akapasuliwa. Siku hizi akilia usiku tunaamka na kuuliza maswali, ni mguu? ni kiu? ni joto? mpaka ulimi utoke. Shule ni mlima. Nchi yetu ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum tangu 1984, na Babu ametathminiwa, akapendekezewa kitengo maalum katika shule ya msingi iliyo matatu mbili kutoka kwetu. Matatu mbili na kiti cha magurudumu, na makanga mnawajua. Baba anapiga hesabu za tuktuk kila Jumamosi usiku nyuma ya karatasi ya msasa.

Hilo la dada ni langu.

Jumamosi mbili baada ya kadi, wenzangu wale wawili walipobisha, nilikiacha kiti mahali kilipokuwa, katikati ya sebule. Mikono ilikuwa inanitoka jasho. Nikasema, "Huyu ni ndugu yangu. Ndiye ile redio." Mmoja wao alisimama asijue aangalie wapi. Mwingine akaangusha begi lake la vitabu kwa ghafla, likapiga sakafu, na mnaojua Babu hucheka nini mnaweza kumaliza wenyewe.

Kabla ya kumpa mwalimu makala haya nilimsomea Babu yote, kwa siku tatu, karibu na sikio la kulia. Nilimuuliza kwa kila sehemu kama ichapishwe. Ya mdahalo nilidhani angefumba macho. Alisikiliza mpaka mwisho, akanitazama muda mrefu, akatoa ulimi. Kuhusu feri alitoa ulimi kabla sijamaliza sentensi. Kulikuwa na aya moja tu aliyoikataa, inayohusu jambo lililompata chooni siku ya Idi, ambayo mimi niliona inachekesha. Alifumba macho. Nikauliza tena, akayafumba kwa nguvu.

Nimeiondoa.